Kopo la Mvua Upande wa Kushoto wa Nyumba

Kwetu mke huzikwa upande wa kushoto wa nyumba yake. Mume huenda kulia. Hakuna anayekufundisha jambo hili. Unakua ukiona makaburi ya nyanya zako yako upande ule na ya babu zako upande huu, basi unajua. Mwanamume akijenga nyumba ya kudumu, hata kama shamba lake ni dogo kama langu, huacha sehemu hizo mbili bila kupanda kitu cha maana. Jirani zangu wamepanda ndizi mpaka dirishani, na mmoja ana nepia ya kulisha ng'ombe inayogusa mabati yake, lakini ukitazama vizuri utaona kipande cha nyasi kushoto na kipande cha nyasi kulia, na ndama amefungwa hapo. Hiyo ni akiba ya watu wawili.

Mimi pia niliacha vipande vyangu. Nyumba yangu iko juu kidogo ya Ekerenyo, kwenye mteremko unaotazama kule ziwa liliko. Sikusoma. Darasa la tatu liliniona mgongo tu. Nilifyatua matofali, nikayachoma, nikayauza, nikanunua kipande hiki kwa mtu aliyekuwa anahamia Nyansiongo, nikapanda majani chai kwa mikono hii. Sikurithi hata jembe. Nasema hivyo ili ujue kwamba ninapotaja ardhi hii nataja mwili wangu.

Siku moja wakaja watu wa hali ya hewa, wakitafuta mahali pa kuweka kopo la kupimia mvua. Shuleni walikuta miti imezunguka kila upande. Kanisani walikuta jengo jipya linapanda. Mkubwa wao alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili chake laini kabisa, si kama hiki chetu kinachopanda mlima. Akanieleza kwamba kopo hilo halitaki kusimama karibu na ukuta wala mti, kwa sababu mti hula mvua kabla haijafika chini. Linataka uwanja ulio wazi na nyasi fupi. Akazunguka boma lote na tepu yake mkononi, akitikisa kichwa, mpaka akafika upande wa kushoto wa nyumba. Uso ukamfunguka.

"Hapa! Mzee, hapa ni pazuri mno. Mbona hamjapanda kitu?"

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesimama na birika ya chai mkononi. Sasa utamwambiaje mgeni kwamba hapo ndipo tutakapomzika huyu anayekumiminia chai?

"Tunapumzisha ardhi," nikasema.

Mke wangu akaingia jikoni haraka, na nikamsikia anacheka huko peke yake.

Walipoondoka, kopo likiwa limeshasimama ndani ya uzio mdogo wa waya, alitoka akalizunguka mara kadhaa kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Umewapa mahali pangu," akasema.

"Wewe ulikuwa umesimama pale. Mbona hukukataa?"

"Nikatae nini? Bado sijaenda popote. Acha wanilindie."

"Na ukienda?"

"Nikienda mtang'oa. Kwani ni mwamba? Ni kopo tu, omogaka."

Omogaka ni mzee kwa lugha yetu. Aliniita hivyo tangu nikiwa kijana, kwa sababu alisema nilizaliwa nimekunja uso.

Yule mtu wa Pwani alikuwa amenitazama mimi alipouliza nani atapima, maana mimi ndimi mwenye nyumba. Nikamwambia nina majani chai ya kuchuma, sina wakati wa kuchungulia chupa. Mke wangu alikuwa amefika darasa la saba. Kazi ikawa yake.

Kopo lenyewe ni la bati, mdomo wake duara kabisa. Ndani kuna faneli, na chini ya faneli kuna chupa inayopokea maji. Kila asubuhi saa tatu unatoa chupa, unamimina maji kwenye gilasi ndefu nyembamba yenye mistari, unasoma mstari, unapeleka namba kwa simu. Basi. Mimi niliona ni mchezo wa watoto. Yeye alilishika kama ibada. Hata Sabato alipima, akiwa amevaa nguo za kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza kama hiyo si kazi siku ya mapumziko.

"Mzee wa kanisa," akamjibu, "mvua ya Ijumaa imelala ndani ya chupa. Nikiiacha mpaka Jumapili itakuwa imechanganyika na ya Jumamosi. Utakuja wewe kuitenganisha?"

Yule mzee akacheka, akamwachia.

Baadaye mtu wa Pwani alirudi kukagua, akamfundisha jambo lingine: kuhesabu mawingu. Unasimama pasipo kitu juu yako, unaligawa anga vipande vinane kama unavyokata chapati, kisha unahesabu vipande vilivyofunikwa. Vinane vikifunikwa vyote, huoni mbingu kabisa. Sifuri, hakuna wingu hata moja. Ofisi haikuwa inaidai namba hiyo kwetu, ilitaka mvua tu. Lakini aliipenda, ikaingia nyumbani ikakaa kama mtoto wetu mwingine. Nikirudi kutoka kituo cha majani chai nimekasirika kwa sababu karani amekataa gunia langu, alikuwa akinitazama mlangoni na kusema, "Leo vinane. Watoto, msimsemeshe baba yenu." Nikianza kutabasamu bila kupenda, "Haya, sita. Kunafunguka upande wa magharibi."

Mimi nilikuwa na njia yangu. Nilitazama ukungu kwenye mlima wa Manga asubuhi, nikatazama upepo baada ya chakula cha mchana unapogeuka kutoka ziwani. Wingu likija chini jeusi na tumbo lake la kijivu linalong'aa kama kisu, hiyo ni mvua ya mawe, na mwenye majani chai atalia. Tulishalia mara nyingi. Mawe yakipita dakika chache tu, mche unabaki vijiti, na majani yamelala chini kama mboga iliyokatwa. Kwa hiyo nilimchokoza.

"Kopo lako linasemaje juu ya kesho?"

"Kopo halisemi kesho. Kopo linasema jana."

"Jana naijua. Nilikuwako."

"Unaijua leo," alisema. "Subiri uzeeke."

Alianza kuumwa tumbo msimu mmoja wa mvua ndefu. Tulizunguka, tukafika Kisii, tukalala huko, jirani akitupimia mvua, tukarudi. Mwishowe daktari aliniita nje na kusema maneno ambayo daktari husema anapotaka umpeleke mtu nyumbani. Tukamleta. Kitanda chake kiko kwenye chumba cha nyuma, na dirisha lake linatazama migomba. Kutoka pale huoni anga. Unaona majani ya ndizi tu yanatikisika.

Asubuhi ya kwanza aliposhindwa kuamka alinitazama. Nikajua ni saa tatu. Nikatoka, nikapima, nikarudi na namba.

"Ulichuchumaa?" akauliza.

"Niliinama."

"Kuinama si kuchuchumaa. Weka gilasi mahali palipo sawa, shuka mpaka jicho lako liwe sawa na maji. Ukisomea juu unaiba mvua."

"Magoti yangu ni ya mzee."

"Basi lala kifudifudi."

Akacheka, kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. Nikarudi nje nikachuchumaa. Namba ilikuwa nyingine. Nilimpa, akaibonyeza kwenye simu kwa kidole chake kilichokonda. Siku zilizofuata kidole hicho kikashindwa, nikawa nabonyeza mimi, vidole vyangu vya matofali vikigusa namba mbili kwa mara moja.

Lakini alichotaka hasa hakikuwa mvua.

"Na juu?"

"Mawingu."

"Mangapi?"

"Mengi."

"Mengi si namba, omogaka."

Natoka tena. Nasimama katikati ya uwanja ule ambao nilijua ni wa nani, na yeye alijua, na tulikuwa hatuutaji. Nalikata anga kama chapati. Narudi.

"Saba."

"Palipo wazi ni wapi?"

"Upande wa Manga."

Basi hufumba macho, na uso wake unalegea. Nadhani alikuwa anapaona. Mimi mwanamume niliyedharau kopo lile sasa nilikuwa nasubiri saa tatu kuliko nilivyowahi kusubiri mnunuzi wa matofali, maana ndio wakati pekee wa siku ambapo nilikuwa na kitu cha kumpa.

Alikufa alfajiri, mvua ikiwa imenyesha usiku mzima. Ilipofika saa tatu boma lilikuwa limejaa watu, wanawake ndani, wanaume barazani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti ambacho sijui nani aliniwekea. Simu ya mke wangu ilikuwa mezani. Ikatetemeka. Nikamwomba kijana wangu wa kwanza, aliyekuwa amefika kutoka mjini Kisii, aisome. Akaisoma kwa sauti kabla hajaielewa:

"Habari ya asubuhi, mama. Leo hatujapata mvua yako."

Wanawake wakageuka wote kuitazama ile simu. Kisha mmoja akaanza kulia upya, na wengine wakamfuata.

Kijana akajibu. Haikupita muda ofisi ikapiga. Mtu aliyekuwa kwenye simu alitoa pole, na nilisikia kwamba anaitoa kweli, kisha akauliza kwa upole nani ataendelea. Kijana akamwambia ukweli: kituo kiko mahali pa kaburi. Wao hawakujua. Miaka yote hawakujua, maana hatukuwaambia, na mtu wa kwetu asingehitaji kuambiwa.

Jioni tulikaa barazani, mimi, mdogo wangu na kijana. Mdogo wangu ni mtu wa maneno ya haraka.

"Kuna nini cha kujadili? Vijana wang'oe hilo kopo kesho, na siku ya kuchimba ikifika wachimbe."

Kijana akaeleza aliyoambiwa. Kopo likihamishwa, mvua yake inakuwa mvua ya mahali pengine, hesabu inaanza upya. Na sisi mahali pengine palipo wazi hatuna. Upande wangu wa kulia uko chini ya mkaratusi wa jirani. Wangefunga kituo, watafute boma la mtu mwingine. Ile miaka ya mama ingebaki kwao, lakini imekatika.

"Kwani mvua itaacha kunyesha?" mdogo wangu akasema, na watu waliokuwa karibu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matanga.

Akaongeza, "Au kama mnalipenda hivyo, mzikeni kule chini, nyuma ya majani chai."

"Mke wangu hatazikwa kama mpita njia," nikasema. "Kule chini huzikwa mtu asiye na nyumba. Yeye ana nyumba. Matofali yake alinisaidia kuyabeba akiwa na mimba ya huyu."

Kijana akainamisha kichwa.

Nikamuuliza, "Hilo kaburi ulilopanga lina urefu gani?"

Hapo nieleze. Siku hizi kwetu kaburi la mtu wa maana hujengwa. Linainuliwa kwa simiti, linawekwa tailsi, linasimamishwa nguzo nne na paa la mabati ya rangi, na picha ya marehemu ndani ya kioo. Nimeyaona mengi Nyamache na kando ya barabara zote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia kijana, mchana uleule, kwamba la mama yake lipite yote. Nilitaka mtu akipita barabarani asimame. Nilitaka ajue kwamba huyu aliyeacha shule darasa la tatu ameweka mke wake mahali panapong'aa. Nilikuwa nimelichora kichwani, hata rangi ya mabati.

"Na paa, linapita kichwa changu," kijana akasema.

"Piga simu tena. Uliza kaburi la chini, lisilopita nyasi, linaruhusiwa kando ya kopo?"

Akapiga. Jibu likaja kidogo kidogo, maana yule mtu naye alikuwa anauliza wakubwa wake. Ardhi tambarare, sawa. Nyasi fupi, sawa. Simiti hapana, kwa sababu tone likigonga simiti linaruka na kuingia kwenye kopo. Paa hapana. Maua yanayorefuka hapana. Msalaba mrefu hapana. Kando ya uzio wa kopo nafasi ya mtu mmoja ilikuwapo, kwa shida.

Mdogo wangu akasimama. "Umzike bila hata simiti? Wewe? Mwenye nyumba ya matofali? Watu watasema umemfukia."

"Watasema."

"Watasema ubahili."

"Najua watakavyosema. Mimi ndiye ningesema kwanza kama lingekuwa lako."

Akaondoka akinung'unika. Kijana akabaki. Akaniuliza polepole, akiniita baba kwa lugha yetu, "Tata, mama alitaka hivyo?"

Sikuweza kumdanganya, mama yake yuko mochari. "Hakusema. Alisema mara moja tu, siku lilipowekwa. Alisema siku yake ikifika ling'olewe."

"Sasa?"

"Sasa baada ya siku ile alitoka kila asubuhi kulichungulia, mvua, jua, Sabato, mpaka miguu ikakataa. Na lile neno hakulirudia tena. Alikuwa na nafasi ya kulirudia. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda."

Kijana akasimama. Kisha akatoa simu akampigia fundi wa tailsi, akamwambia kazi haipo.

Tulimzika hivyo. Vijana walichimba wakiwa wamebana viwiko, udongo wote wakiutupa upande wa ukuta. Mchungaji aliomba dua ndefu, na katikati ya dua nikajikuta nimeinua uso nahesabu. Vinane. Hapakuwa na mahali palipo wazi, si Manga, si ziwani. Nilisikia minong'ono nyuma yangu walipoona shimo linajazwa na kusawazishwa na hakuna hata tofali moja limewekwa. Niliisikia yote. Masikio yangu hayajazeeka.

Kuna jambo moja ambalo mpaka leo halijakaa sawa ndani yangu. Asubuhi aliyokufa hakuna aliyepima. Nilikumbuka kesho yake. Chupa ilikuwa na maji ya siku mbili yamekuwa kitu kimoja, ile mvua ya usiku aliokuwa anakata roho na mvua ya siku ya kwanza bila yeye. Ofisi walisema hakuna shida, kuna namna ya kuiandika, siku mbili kwa pamoja. Kwao hakuna shida. Lakini katika miaka yote ile hakuwahi kuacha siku hata moja bila mvua yake, na siku iliyokosa ni yake mwenyewe. Nilishika ile gilasi nikajaribu kukumbuka mvua ilivyogonga mabati usiku ule, ilikuwa kubwa kiasi gani, ilipoa saa ngapi. Hakuna. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake, sikusikiliza mabati.

Udongo mpya ulikuwa mwekundu, na mvua ya kwanza iliurusha mpaka kwenye mdomo wa kopo. Maji kwenye chupa yakawa na rangi. Nikajua lazima nyasi ziote haraka. Nikang'oa ukoka kando ya barabara, nikaupanda juu yake, kishungi kwa kishungi, kwa magoti. Watu wakipita walisimama kwenye uzio.

"Omogaka, unapanda nini hapo?"

"Ukoka."

"Juu ya kaburi?"

"Juu ya kaburi. Una wa kuniongezea?"

Mmoja alileta gunia zima. Wengine walienda wakisema waliyosema.

Ukoka ulishika. Udongo ulishuka, ukawa sawa na uwanja. Miezi hii ukija kwangu hutaona kitu ila kopo, uzio wa waya na nyasi ninazozikata fupi kwa panga. Juzi ofisi walimtuma mkaguzi mpya, binti mdogo mwenye buti za mvua. Alipima mdomo wa kopo kama uko sawa, akatikisa uzio, akarudi nyuma hatua mbili ili atazame vizuri, akasimama hapo hapo.

"Hongera, mzee. Pamewekwa vizuri sana. Hakuna kitu chochote hapa."

"Sogea kidogo, mwanangu," nikasema. "Hapo kuna mtu."

Akatazama chini. Akaelewa polepole, kisha akaruka kama aliyekanyaga moto, akabaki amesimama kwenye njia ameshika kofia yake, machozi yanamlengalenga, ananiomba msamaha kwa niaba ya miguu yake. Nikamwambia asilie, hakujua, na sisi ndio tuliokuwa hatusemi. Ni mara ya kwanza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kumwambia mtu wa ofisi yao.

Alipokwenda ilikuwa bado saa tatu haijapita sana. Nikatoa chupa. Nikashuka chini, magoti yakilia, mpaka jicho likawa sawa na maji, nikasoma, nikabonyeza namba, nikamimina maji pale penye ukoka, maana hakuna mahali pengine pa kuyamwaga. Kisha nikainua uso.

"Vitano," nikasema kwa sauti. "Pako wazi upande wa Manga."

Ofisi haiulizi hilo. Haijawahi kuliuliza. Nikaingia ndani.